Hadithi na Haki ya Ndugu

Mzazi mwenye watoto wawili, mmoja wao akiwa na ulemavu wa viungo au wa akili, hugawa siku yake kwa kadiri ya haja. Mwenye haja kubwa hupata fungu kubwa. Mgawanyo huu si dhuluma. Lakini mtoto wa pili, ambaye hajui hesabu ya haja, huona kuwa fungu lake limepunjwa. Huambiwa amwangalie nduguye, amsubiri, amtetee njiani watoto wengine wamchekapo. Moyoni mwake hukaa pamoja mapenzi, wivu, haya na hofu. Je, hadithi asimuliwayo mtoto huyu yapasa imfundishe wajibu wake, au kwanza imwambie kweli juu ya moyo wake?

Wako wasemao kuwa wajibu ndio kwanza, na hoja yao si nyonge. Hujafa hujaumbika, wamenena wahenga, na methali hiyo ni onyo kwa kila mwenye viungo vitimilifu. Mtoto asipofundishwa nyumbani kumheshimu nduguye, mtaa utamfundisha kumcheka. Kwa sababu hiyo hutungwa hadithi ambamo ndugu ni malaika: hachoki, hakasiriki, wala haoni haya.

Hadithi ya namna hiyo ina hasara mbili. Kwanza, msikilizaji aliyechoka hujipima kwa malaika yule akajiona mwovu. Basi hunyamaza, na uchungu ulionyamazishwa haufi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtungaji asiyeubeba huuona mwepesi. Pili, mwenye ulemavu hugeuzwa ngazi ya nduguye kupandia wema. Hana shauku, hana shauri, hana hata mzaha. Hadithi iliyokusudia kumheshimu humnyima utu.

Njia nyingine yaonekana katika vitabu viwili vya Marekani. Betsy Byars alitoa The Summer of the Swans mwaka 1970, nacho kikapata Nishani ya Newbery mwaka 1971. Sara, msichana wa miaka 14, ampenda Charlie, mdogo wake asiyesema. Lakini katika siku zile hapendezwi na karibu kitu chochote, hata nafsi yake mwenyewe. Charlie atoka usiku kuwatafuta mabata maji aliowaona ziwani, akapotea. Mwandishi hamhukumu Sara kwa hasira zake. Tena, baadhi ya sura zamfuata Charlie mwenyewe, msomaji akaijua shauku yake na hofu yake.

Katika Rules, kilichotolewa na Cynthia Lord mwaka 2006, Catherine wa miaka 12 humwekea David, mdogo wake mwenye usonji, kanuni za mwenendo ili asimwaibishe mbele ya watu. Catherine huyo huyo humtengenezea maneno mapya rafiki yake Jason, ambaye huzungumza kwa kuonyesha maneno yaliyo katika kitabu. Hata hivyo amficha jirani yake kuwa Jason ana ulemavu. Hapo msomaji mdogo hutambua kuwa aibu haikuzaliwa na David wala na Jason. Imezaliwa na macho ya watu, na Catherine ameiazima.

Mtu aweza kupinga kuwa kuutaja wivu mbele ya mtoto ni kuupa ruhusa. Lakini kutaja si kubariki. Tabibu aitajapo homa haieneazi, huanza kuitibu. Mtoto asikiapo kuwa mwingine naye alichoka na bado akapenda, hupata nafasi ya kuchagua, na pasipo kuchagua wajibu ni mzigo tu.

Katika nyumba za Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake, kwa maana malezi ya mdogo mara nyingi huangukia mikono ya dada au kaka. Ngano za Kiswahili nazo zina fadhila iliyo karibu na haja hii. Msimulizi husema paukwa, na watoto hujibu pakawa. Hadithi haiendi kwa sauti moja. Mtoto aliyezoea kujibu mwanzoni aweza kuachwa aulize mwishoni, na pengine atasema asilopata kusema mchana kutwa. Mwenye ulemavu naye ajibu pamoja nao, kwa sauti au kwa ishara, maana hadithi ni yake pia.

Hata hivyo hadithi haiwezi kushika mahali pa mzazi. Iliyo njema humkumbusha kuwa yule mtoto mtulivu, asiyeomba kitu, naye anangoja saa yake.