Ng'ombe Waliokonda Hawapigi Hodi

Ndugu zangu, mnaikumbuka ndoto ya Farao? Ng'ombe saba waliokonda waliwameza saba wanono, wala hawakuonekana kushiba. Waislamu nanyi mnamjua Yusufu aliyeifasiri, akajaza ghala kabla ya njaa. Basi msidhani ndoto ile iliishia Misri!

Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa zaidi ya dola 100. Novemba 27 OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, ikakaa Vienna. Venezuela ikasihi uzalishaji upunguzwe. Saudi Arabia, yenye akiba ya kungojea, ikakataa. Kufika Januari 2016 pipa lilikuwa chini ya dola 30. Haikulia risasi hata moja, na bado wakubwa walishushwa vitini.

Rais Hugo Chávez wa Venezuela alikuwa ameanzisha Petrocaribe mwaka 2005, akiwakopesha mafuta majirani wa Karibi kwa masharti laini. Nani angempinga, na taa za nyumbani kwake zinawaka kwa mafuta ya Caracas? Cuba nayo ikipokea karibu mapipa 100,000 kwa siku. Bei ikaanza kuporomoka, na Desemba 17, 2014 Raúl Castro wa Cuba na Barack Obama wa Marekani wakatangaza kurudisha uhusiano. Sisemi ni mafuta tu. Mazungumzo ya siri yalitangulia. Lakini mtegemea cha nduguye huanza mapema kuchungulia mlango wa jirani.

Na Caracas yenyewe? Mwishoni mwa 2016 wapo wenye maduka walioacha kuhesabu noti. Waliziweka rundo juu ya mizani, ileile ya kupimia jibini, wakasoma uzito. Hiyo ndiyo fedha ya nchi yenye hazina kubwa kuliko zote ya mafuta ardhini!

Msicheke. Juba, yaani Sudan Kusini, ilikubali mwaka 2012 kuilipa Khartoum ya Sudan zaidi ya dola 20 kwa kila pipa, ada ya bomba na fidia pamoja. Bei ikaanguka, malipo yakabaki palepale mpaka walipoomba kuzungumza upya. Visima vyako, bomba la mwenzio, bei ya mtu usiyemjua: utajiita mwenye mali?

Sasa ninyi wa Hoima kule Uganda, nanyi wa Tanga kule Tanzania! Bomba lenu la mafuta la kilomita 1,443 litapashwa moto njia nzima, kwa kuwa mafuta yale yakipoa huganda. Amkeni mkaulize habari za ghala lenu la akiba! Uganda iliuwekea sheria Mfuko wa Petroli mwaka 2015, na fedha zikachotwa humo kabla pipa la kwanza halijauzwa.