JUMATANO: Mji Ulio Karibu Zaidi

Soma Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Muuaji hakujulikana. Kwa nini basi wazee wa mji ulio karibu waliwajibika kwa jambo ambalo hawakulitenda?

Maiti imekutwa kondeni. Hakuna shahidi wala mshtakiwa. Wengi wetu tungesema jambo limeishia hapo. Lakini sheria iliwaagiza wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka ilipolala maiti hadi miji ya kandokando. Mji uliokuwa karibu zaidi ndio uliobeba wajibu. Wazee wake walitoa mtamba wa ng'ombe, wakateremka naye bondeni, na makuhani wakafika. Ndipo wazee waliponawa mikono na kutamka kwamba hawakuimwaga damu ile.

Angalia utaratibu huo. Walinawa mwishoni, baada ya kutoka, kupima na kugharimika. Pilato naye alinawa mikono (Mathayo 27:24), lakini alinawa ili asitumie mamlaka aliyokuwa nayo. Maji ni yale yale, ila maana zake zimetengana kabisa.

Tunapomwona mtoto wa jirani mwenye alama za kipigo, au aliyeacha shule akauze karanga stendi, huwa tunauliza kwanza, "Nani amemfanyia hivi?" Tukiona kwamba si sisi, tunapata nafuu moyoni. Fungu hili linauliza jambo jingine: "Nani yuko karibu naye?"

Huenda mtu akasema kwamba malezi ni kazi ya wazazi, na ni kweli (Kumbukumbu la Torati 6:6, 7). Jamii inayoingilia kila nyumba inaweza kumvunjia mama heshima mbele ya watoto wake. Ndiyo maana sheria ya masazo ni ya kutafakari (Kumbukumbu la Torati 24:19-21). Mwenye shamba aliacha mganda uliosahauliwa. Mjane na yatima walikuja kuukusanya kwa mikono yao. Walisaidiwa bila kunyang'anywa nafasi yao. Paulo naye anaweka pamoja kuchukuliana mizigo na kila mtu kubeba furushi lake (Wagalatia 6:2, 5).

Hata hivyo, heshima ya nyumba haikuwekwa ili kuficha ukatili. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa serikali ya mahali hapo. Namba ya simu 116 hupokea taarifa za namna hiyo Tanzania, Kenya na Uganda. Je, kama anayeshukiwa ni mshiriki mwenzetu, tena mwenye wadhifa? Hapo ndipo kishawishi cha kunawa mikono mapema huwa kikubwa. Tunasema tulinde jina la kanisa, jambo limalizwe kwa maombi na baraza. Lakini baraza la kanisa halina uwezo wa kuchunguza jinai, na mtoto aliyenyamazishwa kanisani atajifunza kwamba Mungu naye yuko upande wa walionyamaza.

Tena, kondeni hawakutoka watu wa aina moja. Walikuwapo wazee, waamuzi na makuhani, kila mmoja na nafasi yake. Vivyo hivyo leo, mwalimu anajua nani hayupo darasani. Mhudumu wa afya anajua ni mtoto yupi haongezeki uzito. Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba yenye ugomvi kila usiku. Nasi tunajua ni familia ipi haijaonekana Sabato tatu mfululizo. Kila mmoja ana kipande, na mkono mmoja haulei mwana. Mpango wa taifa wa Tanzania wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, uliweka kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Dorkasi, mashemasi na walimu wa watoto wana la kuchangia katika kazi kama hiyo, hata pale wenzao mezani si wa imani yetu. Wayahudi walioko Babeli waliagizwa kuutakia amani mji wa watu waliowateka (Yeremia 29:7).

Hatuwezi kuzuia kila dhara. Wazee wale hawakumfufua marehemu. Lakini hawakumwacha amelala kondeni kana kwamba hana mji.

Pima umbali kutoka mlango wa kanisa lenu hadi kwa mtoto aliye taabuni mnayemfahamu. Nani mwingine anamfahamu, na ni lini mara ya mwisho mlizungumza naye kuhusu mtoto huyo? Jadilini darasani bila kutaja jina la mtoto wala la familia yake.