Kilio cha Mtoto ni Ushahidi

Mtoto akianguka na kuvunjika mfupa juu kidogo ya kiwiko, mara nyingi madaktari huurudisha mfupa mahali pake na kuushikilia kwa pini za chuma. Wazazi humshukuru Mungu, na wanastahili kushukuru. Hata hivyo, mbele ya kiwiko hupita ateri kuu ya mkono. Inaweza kubanwa kati ya vipande vya mfupa, na uvimbe unaweza kuinyima misuli damu hata upasuaji ukifanyika vizuri. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza jinsi misuli iliyokosa damu inavyokufa na kusinyaa, vidole vikabaki vimejikunja. Saa chache zinatosha kuleta ulemavu huo, na ndani ya saa hizo huzuka swali la kimaadili: neno la nani liaminiwe?

Hoja yangu ni kwamba kilio cha mtoto kina hadhi ya ushahidi. Kupima mapigo ya damu pekee hakutoshi: kiganja kinaweza kuwa na joto ilhali mapigo hayasikiki, na mapigo yanaweza kusikika ilhali misuli inakufa kwa shinikizo la ndani. Aghalabu dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi siku ambayo yangepaswa kupungua. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alionyesha kuwa kumnyima mtu imani kwa sababu tu ya jinsi alivyo ni dhuluma. Mtoto hudhulumiwa hivyo kila anapoambiwa anadeka.

Wapo watakaosema kuwa watoto hulia kwa njaa na hofu pia, na daktari hawezi kupasua mkono kwa kila kilio. Ni kweli, lakini kuamini ushahidi ni kuuchunguza: kulegeza bandeji, kupunguza mkunjo wa kiwiko, kunyoosha vidole polepole kuona kama maumivu yanazidi, kisha kurudia baadaye. Wengine watasema yote ni kudura ya Mungu. Imani hiyo humfariji aliyetimiza wajibu wake. Haimpi ruhusa ya kuuacha. Anayeamini kuwa mtoto ni amana anajua pia kwamba ataulizwa aliitunzaje, na kusikiliza ni sehemu ya kuitunza.