Msichana Ambaye Hakuinua Macho

Katika kipindi cha kwanza cha Gilmore Girls, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Oktoba 2000, kijana aitwaye Dean anamweleza Rory Gilmore kwa nini alitamani kufahamiana naye. Amekuwa akimwona baada ya masomo, ameketi chini ya mti, anasoma. Wiki iliyopita alikuwa na Madame Bovary. Wiki hii ana Moby-Dick. Siku moja vijana wawili walikuwa wakirushiana mpira, ukampiga mmoja wao usoni. Damu ilitapakaa, muuguzi akatoka, watu wakataharuki. Rory hakuinua macho. Dean anasema hajapata kumwona mtu anayesoma kwa umakini wa namna ile. Rory anamjibu kwa mzaha kwamba pengine hakuinua macho kwa sababu ni mtu anayejijali mwenyewe kupita kiasi. Dean hakubali, na mazungumzo yanaendelea.

Mtazamaji hucheka na kupita. Hata hivyo, mzaha ule umebeba swali ambalo tamthilia nzima, kwa misimu saba hadi Mei 2007, haikuweza kulikwepa: je, kusoma sana humfanya mtu kuwa mwema? Na kama hakumfanyi, kuna faida gani ya kumsifu msichana kwa vitabu alivyobeba?

Rory ni mtoto wa Lorelai, aliyemzaa akiwa na umri wa miaka 16 na kumlea katika mji mdogo wa kubuni uitwao Stars Hollow, katika jimbo la Connecticut. Wawili hawa huongea kwa kasi, na katika maongezi yao waandishi na wahusika wa riwaya hutajwa kama majirani wa mtaa. Amy Sherman-Palladino, aliyeibuni tamthilia hii, alikipa kila chumba kitabu na kila mkoba kitabu kingine. Mashabiki wamevikusanya vyote katika orodha. Ile inayosambaa zaidi ina majina zaidi ya 300, na wapo vijana wengi waliojiwekea nadhiri ya kuimaliza. Hilo si jambo dogo. Kijana aliyefungua Tolstoy kwa sababu alikiona kitabu hicho mikononi mwa msichana wa televisheni amemfungua Tolstoy vilevile, na hakuna mlango wa aibu wa kuingilia maktaba.

Lakini kitabu kwenye skrini huonekana kwa jalada. Kamera haiwezi kusoma ukurasa. Huweza tu kumwonyesha mtu aliyeinama juu ya ukurasa. Kwa hiyo mtazamaji hujifunza upesi kuyasoma majalada kama anavyosoma mavazi: huyu ana Flaubert, basi ni mwerevu, ni mwerevu, basi ana moyo safi. Hatua ya kwanza ina ukweli kiasi. Ya pili hakuna aliyeithibitisha.

Kiswahili kinaliweka swali hili wazi kwa namna yake. Neno kusoma halitenganishi kufungua kitabu na kwenda shule. Mtu husemwa kuwa amesoma, na wasikilizaji wakaelewa kwamba ana elimu na pengine anastahili heshima. Lugha hiyohiyo ina neno kuelimika, na watu wazima hawachoki kukumbusha kwamba waliosoma ni wengi kuliko walioelimika. Darasani nako, mwanafunzi wa fasihi nchini Kenya na Tanzania huulizwa dhamira na ujumbe wa riwaya, kana kwamba kila kitabu kina funzo lililofungwa ndani yake, na likishahamishiwa kwenye karatasi ya mtihani kazi imekwisha. Rory angepata alama zote katika mtihani huo. Ndiyo maana kisa chake kinafaa kutazamwa: yeye ni msomaji ambaye hakosi jibu.

Vitabu viwili vinavyotajwa mapema vina uzito wa pekee. Madame Bovary ya Gustave Flaubert, iliyochapwa kama kitabu mwaka 1857, inamhusu mke wa tabibu wa vijijini ambaye tangu ujana amejaza akili yake hadithi za mapenzi. Anayapima maisha yake kwa hadithi hizo, anayaona duni, anatafuta wapenzi nje ya ndoa, anazama katika madeni na kujiua kwa sumu. Ni riwaya juu ya hatari ya kusoma vibaya. Cha pili ni Anna Karenina, ambacho Rory anampa Dean katika msimu wa kwanza. Dean analalamika kwamba ni kirefu, majina ya watu yanachanganya, na mwisho wake ni huzuni tupu. Rory anamtetea Tolstoy kwamba aliwaandikia watu wa kawaida, si mabingwa. Anna naye anamwacha mume, anampoteza mtoto, na anakufa chini ya magurudumu ya treni.

Mwishoni mwa msimu wa nne, mwaka 2004, Rory analala na Dean, ambaye wakati huo ni mume wa Lindsay. Mama yake anapogundua na kumkumbusha kwamba kijana yule ana mke, Rory anashikilia kwamba ndoa ile imekwisha, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na Dean mwanzo. Baadaye anakwenda Ulaya na bibi yake, na kutoka huko anamwandikia Dean barua. Barua inaangukia mikononi mwa Lindsay, na ndoa ambayo Rory alisema imekwisha inavunjika sasa kweli, mbele ya macho ya mji mzima. Katika kisa hiki chote, Lindsay ndiye msomaji ambaye maandishi yaliyageuza maisha yake siku hiyohiyo.

Hapa mtu anaweza kusema kwa haraka kwamba vitabu havikumsaidia Rory. Anazijua riwaya mbili mashuhuri kuliko zote juu ya uzinzi, na hazikumzuia. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Swali gumu zaidi ni jinsi gani msichana mwenye akili aliweza kumlilia Emma Bovary na Anna Karenina, kisha akapita karibu na Lindsay bila kumwona.

Sehemu ya jibu imo katika riwaya zenyewe. Riwaya humpa msomaji moyo wa mtu mwingine ukiwa tayari umefunguliwa. Flaubert na Tolstoy walifanya kazi ngumu ya kumtazama mwanamke yule mchana na usiku, wakachagua neno baada ya neno, hata msomaji akafika na kukuta huruma imeshaandaliwa mezani. Lindsay hana msimulizi. Hana sura ya kumi na mbili inayoeleza anachowaza anapomngoja mumewe usiku. Anayetaka kumjua itambidi aifanye mwenyewe kazi ya Tolstoy, na hakuna kitabu kinachoweza kumfanyia.

Sehemu nyingine ni mahali msomaji anapojiweka. Ni rahisi kuisoma Anna Karenina ukiwa Anna, kwa kuwa mateso yake yana fahari. Rory anapomwambia mama yake kwamba Dean alikuwa wake kwanza, anazungumza kama shujaa wa kike wa hadithi ambaye pingamizi zote ziko nje yake. Hata hivyo, Tolstoy hakumnyima mume nafasi yake. Karenin, mtu mkavu ambaye msomaji amezoea kumdharau, analia kando ya kitanda cha mkewe mgonjwa na kumsamehe. Kurasa hizo zimo. Anayesoma ili ajione kitabuni huzipitia kama njia ya kurudi kwa Anna.

Wanafalsafa wamebishana juu ya jambo hili kwa bidii. Martha Nussbaum, katika Poetic Justice ya mwaka 1995, alitetea kwamba riwaya humzoesha msomaji kuyawaza maisha ya wengine kutoka ndani, na kwamba mazoea hayo yanahitajiwa hata na hakimu na raia. George Steiner, ambaye familia yake ya Kiyahudi iliihama Ufaransa mwaka 1940, alikumbusha upande wa pili: walikuwapo watu waliosoma Goethe na Rilke jioni, na asubuhi wakaenda kufanya kazi Auschwitz. Kauli hizi mbili hazipingani kama zinavyoonekana. Nussbaum anaeleza uwezo. Steiner anaeleza kwamba uwezo si nia. Mwenye macho mazuri bado anaweza kuamua asitazame.

Simone Weil, Mfaransa aliyefariki mwaka 1943, aliandika insha fupi juu ya masomo ya shule inayogusa kiini cha mti ule wa Stars Hollow. Kwake, faida kubwa ya masomo, hata ya jiometri, si jibu linalopatikana bali nguvu ya kuzingatia inayokua kimyakimya. Nguvu hiyo ndiyo inayohitajiwa katika sala, na ndiyo anayoihitaji mtu aliye katika mateso, kwa kuwa kumpenda jirani ni kuweza kumuuliza kwa dhati ni nini kinachomsibu. Kwa mtazamo huo, Rory hakukosea kwa kuzama katika kitabu. Muuguzi alikwisha kufika. Msichana mmoja zaidi asingeizuia damu. Na mtoto mpole wa mji mdogo ana haki ya kuwa na mahali pake pa faragha. Kosa lingekuwa kudhani kwamba umakini uliokua chini ya mti ni mali ya vitabu peke yake.

Tamthilia yenyewe inatoa mfano mwingine wa kusoma. Katika msimu wa pili anafika Jess, mpwa wa Luke mwenye mgahawa, kijana mkaidi ambaye walimu wamemkatia tamaa. Anaona kwenye rafu ya Rory mkusanyo wa Allen Ginsberg uitwao Howl, anaambiwa anaweza kuuazima, anakataa kwa kusema hasomi sana. Baadaye anautoa mfukoni: aliuchukua kimyakimya, na sasa anamrudishia ukiwa na maelezo yake pambizoni. Ni utovu wa adabu, na ni tendo la wizi. Lakini ni mara ya kwanza mtu kumjibu Rory ndani ya kitabu chake. Pambizo limekuwa mahali ambapo watu wawili wanakutana, na msomaji amelazimika kuinua macho kuona ni nani aliyeandika.

Kwenye hotuba yake ya mahafali, mwaka 2003, Rory anasema anaishi katika dunia mbili, ya kwanza ikiwa ile ya vitabu, ambako amesafiri na wahusika wa Melville na Tolstoy. Hotuba ni nzuri na mama yake analia. Lakini dunia mbili ni nyingi kwa mtu mmoja. Miaka miwili baadaye, tajiri wa magazeti anamwambia kwamba hana kipaji cha uandishi wa habari. Usiku huo anaiba boti ya kifahari pamoja na mpenzi wake, ambaye ni mwana wa tajiri huyo, na anaishia mikononi mwa polisi. Kipindi hicho kilipewa jina linalolaumu pombe na Melville. Ni kichekesho, na kina ukweli wake: msichana aliyemfuata nyangumi mweupe kwa kurasa mamia amechukua kutoka kwa Melville hamu ya kwenda baharini, na ameliacha onyo juu ya nahodha anayewazamisha wenzake kwa sababu ya jeraha lake mwenyewe.

Anaacha chuo cha Yale. Lorelai anahuzunika, babu na bibi wanampa makazi, na hakuna anayempata kwa maneno. Anayempata ni Jess, anayekuja na riwaya fupi aliyoiandika mwenyewe. Anamshukuru, kisha anamuuliza kwa hasira kwa nini ameacha chuo, kwa kuwa huyu si Rory anayemjua. Swali hilo halikutoka katika kitabu chochote. Ni lile swali la Weil, limeulizwa bila upole, na mtu aliyewahi kumsoma kwa makini. Muda mfupi baadaye Rory anarudi chuoni.

Tamthilia haikumfanya malaika. Iliporejea mwaka 2016 kwa sehemu nne, Rory ana miaka 32 na anakutana kwa siri na mwanamume mwenye mchumba, huku akisahau mara kwa mara kwamba yeye mwenyewe ana rafiki wa kiume. Vitabu bado vipo, na kosa lile bado lipo. Kinachobadilika ni kwamba, kwa ushauri wa Jess, anaanza kuandika juu yake na mama yake, na kabla ya kuendelea itambidi aombe ridhaa ya Lorelai, ambaye mwanzoni anakataa. Kwa mara ya kwanza mhusika wake ni mtu anayeweza kumjibu.

Dean hakuwahi kupenda vitabu vinene, na baadaye alimkosea mkewe kuliko Rory alivyomkosea. Kuona si wema, kama kusoma kusivyo wema. Lakini siku ile yeye ndiye aliyeona vyote viwili: damu usoni mwa kijana, na msichana chini ya mti. Kijana aliyepigwa na mpira hakupewa jina, wala kamera haikumtafuta. Ndiye mtu ambaye Rory, akiwa na Flaubert na Melville mkobani, alikuwa bado hajaanza kumsoma.