Nishani Aliyoikataa Inge Meysel

Wiki hii nimesoma habari za Inge Meysel, mwigizaji wa Ujerumani aliyefariki mwaka 2004 akiwa na miaka 94, na jambo moja limegoma kunitoka moyoni. Mwaka 1981 serikali ya Ujerumani Magharibi ilitaka kumvika nishani ya taifa. Akaikataa. Hakuona kwa nini mtu atunukiwe nishani kwa kuishi kwa uadilifu.

Najua atakayesema hicho ni kiburi, kwamba muungwana akipewa hupokea kwa mikono miwili. Sawa. Lakini kwanza tumtazame aliyekuwa akipewa.

Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1930, mjini Zwickau. Mwaka 1933 Wanazi wakashika madaraka, na kwa kuwa baba yake alikuwa Myahudi, Inge akapigwa marufuku. Ujana wote ambao mwigizaji hujengea jina, yeye aliupitisha nje ya jukwaa; kuna wakati alifanya kazi ya kuunganisha simu, akipitisha sauti za wengine huku yake imezimwa. Mlango haukufunguka mpaka 1945, akapokelewa Thalia Theater, Hamburg.

Kisha ikaja televisheni. Kuanzia 1965 hadi 1971, kila Siku ya Mama, Wajerumani walikaa sebuleni kumtazama akiwa Käthe Scholz, mke na mama wa familia ya kawaida, anayehangaika na mume, watoto na bili. Wakampenda hadi wakamwita Mama wa Taifa. Taifa lile lile! Naye hakulewa sifa. Mwaka 1978 aliungana na mtetezi wa haki za wanawake Alice Schwarzer na wanawake wengine kulishtaki jarida la Stern kwa picha za jalada zilizowadhalilisha wanawake. Kesi walishindwa, lakini alikuwa amesimama.

Kwa hiyo nauliza: mtu wa namna hii anavikwa nishani ya nini? Ya kuwa mwema? Nchi inayotoa nishani kwa wema inakubali kwamba wema ni hisani, mtu akitaka afanye, asipotaka aache. Hayo nasema mimi, si yeye. Miaka ile 12, waliomfungia milango hawakukosa nishani, walikosa uadilifu. Kiburi sikioni hapa. Inge Meysel alikuwa na haki ya kuikataa, na alifanya vyema.