KUSEMA HABARI ZA KESHO



Mtu ajifunzaye lugha ya kigeni hufika mahali ambapo hawezi tena kuridhika na kutaja majina ya vitu. Akiisha kujua mkate na maji, nyumba na njia, hutaka kusema atakalofanya. Hapo lugha huanza kumwuliza maswali. Leo twataka kuichukua lugha ya Kihispania, isemwayo Hispania, katika nchi nyingi za Amerika, na hata katika bara letu la Afrika kule Guinea ya Ikweta, tutazame jinsi inavyosema habari za kesho. Maana ndani ya jambo hili dogo la sarufi limo swali kubwa la maisha: Mtu asemapo "Nitafanya," ametoa nini? Na asipofanya, je, amesema uwongo?

Na tuanze na sarufi. Kihispania kina njia tatu zilizo kuu. Ya kwanza ni kutumia wakati uliopo: "mañana salgo," yaani "kesho natoka." Hivi husema mtu ambaye safari yake imekwisha pangwa. Ya pili ni kutumia kitenzi cha kwenda, kama sisi tusemavyo "naenda kulala": "voy a salir," naenda kutoka. Njia hii ni nyepesi, nayo husikika sana katika mazungumzo ya kila siku, hasa Amerika. Ya tatu ni wakati ujao wenyewe: "hablaré," nitasema, "saldré," nitatoka. Hapo mwisho wa kitenzi huongezwa -é, -ás, -á, -emos, -éis au -án, kwa kadiri ya mtu anayesema au anayesemwa. Tena yako maneno mengine ya kusaidia: "pienso salir," nafikiri kutoka, yaani nakusudia, "quiero salir," nataka kutoka, "tengo que salir," sina budi kutoka. Basi mwanafunzi hawezi kusema la kesho mpaka ajiulize kwanza: Je, jambo hili nimelipanga, au nimeanza kulifuata, au nalifikiri tu, au nalitamani?

Sasa tuutazame huo wakati ujao. Zamani, Kilatini kilipokuwa kikigeuka kuwa Kihispania, watu hawakusema "nitaimba" kwa neno moja. Walisema "cantare habeo," yaani "nina kuimba," kama mtu asemaye "nina kazi ya kufanya." Kwa kupita miaka maneno hayo mawili yakashikamana, yakawa "cantaré." Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi ya Kihispania katika mwaka 1492, alikwisha kuona kwamba wakati ujao umefanyizwa hivyo, kwa kitenzi chenyewe pamoja na neno la kuwa na kitu. Basi katika shina la neno hili mna mzigo. Asemaye "cantaré," wazee wake walisema, "Ninalo la kuimba, liko juu yangu." Je, si hilo tulitajalo sisi katika mithali yetu, kwamba ahadi ni deni?

Na Kiswahili chetu je? Wataalamu wa lugha husema kwamba ile -ta- ya "nitakwenda" imetoka katika neno "taka." Twaiona bado nzima tusemapo "atakayekuja" na "nitakapofika." Basi sisi tuliitengeneza kesho kwa mapenzi ya moyo, na Wahispania waliitengeneza kwa deni, kisha wakaongeza njia nyingine ya mtu aliyekwisha kutia mguu njiani. Kutaka, kudaiwa, kwenda: ndizo nguzo tatu. Nasi twaona kwamba ahadi ya kweli yazihitaji zote. Atakaye bila kujiona anadaiwa, kesho moyo wake ukigeuka ataacha. Ajionaye anadaiwa bila kutaka, atafanya kwa manung'uniko. Na mwenye yote mawili asipotia mguu njiani, atakuwa mtu wa maneno mazuri tu.

Labda mtu atatupinga, akisema: "Haya ni mambo ya mashina ya maneno. Mhispania wa leo asemapo 'cantaré' hafikiri deni lo lote, wala Mswahili asemapo 'nitakwenda' hakumbuki kutaka." Kweli, nasi twakubali. Tena umbo lile lile la wakati ujao Wahispania hulitumia hata kwa kukisia habari za sasa: "estará en casa," kama sisi tusemavyo "atakuwa nyumbani" juu ya mtu tusiyejua aliko. Shina la neno halimfungi mtu. Lakini faida yake ni hii: mwenye lugha amezoea, naye hupita bila kuangalia, mgeni hana budi kusimama na kuchagua. Na akiisha kusimama katika lugha ya watu, aweza kurudi katika lugha yake mwenyewe na kuuliza: Je, "nitakuja" yangu ni ya namna gani?

Basi turudi kwenye swali letu. Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu juu ya uwongo karibu na mwaka 395. Alifundisha kwamba mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jambo jingine kinywani, naye akusudia kudanganya. Tukishika kipimo hiki, twaona watu wa namna tatu. Wa kwanza asema "nitakulipa Jumamosi," na moyoni amekwisha kukata shauri kwamba hatalipa. Huyu ni mwongo saa ile ile, hata kabla ya Jumamosi kufika. Wa pili alikusudia kweli, akazuiliwa na ugonjwa au mafuriko. Huyu hakusema uwongo, ila imempasa kupeleka habari mapema kadiri awezavyo. Wa tatu ndiye atusumbuaye. Alikusudia, lakini hakutazama mfuko wake, wala hakuhesabu siku zake. Alisema kwa sababu ilikuwa vyepesi kusema, na kwa sababu hakutaka kuona uso wa mwenzake ukikunjamana. Kwa kipimo cha Agostino hatuwezi kumwita mwongo. Je, basi, hana kosa?

Twasema analo, tena kubwa. Fundi wa nguo amwambiapo mama, "Njoo Jumamosi, nguo ya mtoto itakuwa tayari," mama yule huacha shamba lake siku ile, hutembea saa mbili, naye amekwisha kumwambia mtoto. Neno la fundi limeingia katika maisha ya watu wawili na kuyapanga. Akiwakuta mikono mitupu akawaambia "Njoo kesho," amechukua siku ya kazi isiyo yake na furaha isiyo yake. Si lazima awe mwongo ili awe mwenye deni. Hapa twaona kwamba kosa la kuvunja neno halitimizwi lote katika uwongo. Sehemu yake ni kuchukua mali ya mtu, yaani siku zake. Ndiyo maana mwenye haraka ya kuahidi hafai kujitetea kwa kusema, "Lakini nilikusudia." Kukusudia bila kuhesabu ni nusu ya kukusudia.

Na watu wasidhani kwamba tabia hii ni ya taifa moja. Wageni wengi wamewacheka Wahispania kwa neno lao "mañana," ambalo maana yake ni asubuhi, na pia ni kesho. Lakini aliyewakemea vikali ni mwenzao, Mariano José de Larra, mwandishi wa Madrid. Katika mwaka 1833 alitoa makala iitwayo "Vuelva usted mañana," ndiyo kusema, "Rudi kesho, bwana." Alisimulia habari za Mfaransa aliyefika Madrid akidhani mambo yake yatakwisha kwa siku kumi na tano. Miezi sita ikapita, naye hakupata kitu ila neno lile lile kila mlangoni. Hata mwisho mwandishi alijihesabu mwenyewe kuwa mmoja wa wavivu hao. Nasi tusomapo twajua kwamba maneno "Njoo kesho" yasemwa pia kwa Kiswahili, mbele ya meza za ofisi na katika karakana, tena mara nyingine hata katika mashauri ya kanisa.

Jambo jingine latugusa sisi tulio Wakristo. Wahispania, wakisema habari za kesho, mara nyingi huongeza "si Dios quiere," yaani Mungu akipenda. Nasi twasema vivyo hivyo, na jirani zetu Waislamu husema inshallah. Tena Kihispania kina neno "ojalá," la kutamani jambo liwe, nalo limetokana na Kiarabu na lina jina la Mungu ndani yake. Maana watawala Waislamu walikuwako katika nchi ile tangu 711 hata 1492. Lakini leo wengi husema "ojalá" wasikumbuke kabisa kwamba wamemtaja Mungu. Yakobo katika waraka wake, mlango wa nne, aliwaonya wafanya biashara waliopanga mwaka mzima kana kwamba uhai ni mali yao, akawafundisha kuyaweka mashauri yao chini ya mapenzi ya Bwana. Onyo hilo ni la unyenyekevu. Walakini tumesikia maneno "Mungu akipenda" yakitumiwa kama mlango wa uani, ili msemaji apate pa kutokea. Atakaye kukataa na aseme, "Sitaweza." Kumtwika Mungu uvivu wetu ni kulitaja jina lake bure, na kila katekista ajua amri ipi yakataza hilo.

Hapa Kihispania chatupa fundisho la adabu. Msemaji wa lugha hiyo asemapo "nitakapofika nitakulipa," husema "cuando llegue, te pagaré." Kulipa hukuweka katika wakati ujao ulio imara. Lakini kufika hukuweka katika umbo jingine, lifananalo na letu la "afike" na "aje," kwa kuwa kufika hakujawa jambo la hakika. Twapenda kulichukua hilo kuwa mfano: nia yangu naiweka imara, maana ndiyo iliyo mkononi mwangu, njia na uhai naviacha wazi, maana si vyangu. Maneno "Mungu akipenda" yasemwe juu ya yale tusiyoyaweza, yasisemwe juu ya yale tusiyoyataka.

Mwingine atasema, "Kama ni hivyo, afadhali tusiahidi kamwe, kesho haijulikani, naye anyamazaye hana deni." Shauri hili laonekana la busara, lakini tazama matunda yake. Pasipo ahadi hakuna ndoa, hakuna mkopo, wala hakuna msimamizi wa mtoto katika ubatizo. Mtu asiyeahidi kamwe hawezi kuegemewa, naye huwaacha wenzake wabebe peke yao hofu ya kesho. Kwa hiyo tusikimbie ahadi. Yafaa ziwe chache, zilizohesabiwa, na zenye mguu uliokwisha tiwa njiani.

Lipo neno moja la Kihispania tusilotaka kuliacha: "esperar." Neno hili ni kungoja, tena ni kutumaini, yote mawili kwa neno moja. Mama aliyeketi kizingitini kwa fundi angoja na kutumaini kwa pamoja, nasi tuliomwambia "kesho" ndio tuliompa kazi hiyo.

Basi, ndugu, kama mmojawenu ajifunza Kihispania, au lugha nyingine yo yote, azishike njia hizi kwa uangalifu. La kutamani aliite la kutamani, na la kufikiri aliite la kufikiri. Wakati ujao ulio imara auweke kwa jambo alilokwisha kulihesabu. Naye asiyejifunza lugha ya kigeni aweza kufanya hivyo leo hii kwa Kiswahili. Juma hili, kabla ya kumwambia mtu "nitakuja," na ahesabu kwanza siku zake. Na kama kuna mtu ambaye tangu mwezi uliopita anangoja neno lake, ampelekee habari kabla jua halijachwa.