Bakteria wa Mahindi ni Mali ya Nani?

Katika milima ya Sierra Mixe, jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, hustawi mahindi marefu kupita mita 5, yenye mizizi inayoning'inia hewani na kudondosha ute mzito. Mwaka 2018 wanasayansi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walitangaza kwamba ndani ya ute huo mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Walikadiria kuwa asilimia 29 hadi 82 ya naitrojeni ya mahindi hayo hutoka hewani. Wakulima wa huko wameitunza mbegu hiyo kizazi baada ya kizazi.

Je, bakteria wa namna hiyo wakigeuzwa mbolea ya dukani, mwenyewe ni nani?

Sheria ya Marekani ilijibu mwaka 1980. Katika kesi ya Diamond na Chakrabarty, majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba bakteria aliyeundwa upya na binadamu anaweza kulindwa kwa hataza. Hoja hiyo haiko mbali na ya John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17: anayetia jasho lake katika kitu cha asili hukifanya chake, mradi wengine wabakiziwe cha kutosha.

Uislamu unaanzia kwingine. Hadithi mashuhuri inawafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Hata hivyo wanafiqhi walipambanua: maji ya mtoni ni ya wote, ila aliyeyateka akayatia mtungini anaruhusiwa kuyauza. Kwa kiyasi, bakteria aliye udongoni ni mto. Aliyekuzwa maabara na kutiwa chupani ni mtungi.

Brazili inakaribia mfano huo. Johanna Döbereiner, mtafiti aliyehamia huko kutoka Ulaya na baadaye kuwa mjumbe wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, alichunguza katika miaka ya 1970 jinsi bakteria wa Azospirillum wanavyoishi na mimea ya jamii ya nyasi. Leo wakulima wa mahindi na ngano hununua bakteria hao, wa aina zilizochaguliwa na taasisi za umma. Wanacholipia ni kazi ya kuwakuza, kuwafungasha na kuwasafirisha.

Hataza hufika mbali zaidi. Inamzuia hata mtu asiyegusa chupa ya mwenziwe kutengeneza bakteria wa aina ile ile, na mtungi haujawahi kuwa na nguvu hiyo.

Huko Meksiko, watafiti walifunga na jamii ya Totontepec, iliyoko Sierra Mixe, mkataba wa kugawana faida, kwa kufuata Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za viumbe. Ni haki zaidi kuliko kuchukua bila kuuliza. Lakini mkataba hudai mwenye mali atajwe, ilhali mahindi ya aina hiyo hupandwa pia nje ya Totontepec, na wanaoyapanda huko nao ni warithi wa jasho lile lile.